Kompyuta ya Kiden Hairudi Kitale

Munuki, Juba,
nyuma ya kanisa dogo.
Tarehe 16 Agosti, 2009.

Mpendwa mpwa wangu Jude,

Pokea salamu za mjomba wako, mzee wa miaka sabini na saba kwa hesabu ya padri. Kwa hesabu ya mama yangu ni zaidi, ila yeye hakuandika mahali. Waingereza waliondoka mimi nipo. Vita vya kwanza vikaja vikaisha mimi nipo, na vya pili vilevile. Nyoka aliniuma Kajo-Keji, aliyekufa ni nyoka. Daktari aliyenikataza chumvi nimekwenda kwenye mazishi yake. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema mzee Laku amechoka, haelewi mambo ya kompyuta, mwambie anyamaze kwanza asome hapa.

Hujambo wewe? Janepher mkeo hajambo? Nilisikia yule mdogo alikuwa na surua, naomba Mungu awe amepona na anakula. Mama yako Poni, magoti yake yanaendeleaje na hiyo baridi ya Kitale? Mwambie apake mafuta ya simsim ya moto kila jioni, vidonge vitamharibu tumbo. Mahindi mmepalilia? Usiniambie bado. Wakati wangu hapo Kitale, mwezi huu palizi ilikuwa imesahaulika.

Sisi huku ni wazima. Mvua inanyesha, Munuki ni tope tupu, boda boda wanaanguka mbele ya lango letu na mimi ndiye ninayewainua, vijana wa miaka ishirini. Macho yangu ni mazuri. Sikio la kushoto tu ndilo limechoka kidogo, kwa sababu Akon mke wa Pitia huongea upande huo. Pitia mwanangu bado yuko Wau na kampuni ya barabara, anaendesha greda, anakusalimu sana.

Tena ujue barua hii naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Kiden mjukuu wangu alitaka kunipigia chapa nikakataa. Herufi nilijifunza nikiwa mtu mzima, darasa la jioni la kanisa hapo kwenu, na mwalimu alisema hajawahi kuona mwandiko kama wangu. Ukikuta neno limekaa vibaya lisome polepole, litanyooka.

Sasa neno lililonikalisha chini. Akon alipokupigia simu, ulisema ile kompyuta ya Kiden irudishwe kwenye boksi lake, dereva wa basi ailete Kitale kabla mwezi haujaisha, maana intaneti imetaka kumla mtoto. Jude, kuinunua uliinunua wewe, na wewe ni mtoto wa dada yangu, kwa hiyo nakuambia kwa heshima zote. Hairudi. Dereva amekuja, nimempa chai, ameondoka na mikono yake mitupu.

Lakini sikulaumu, kwa sababu hukusikia habari nzima. Ulisikia nusu ya Akon, na Akon ana nusu kubwa. Sasa sikia ya kwangu.

Ilipofika mwezi wa tatu imeviringishwa ndani ya blanketi lako, niliipokea kwa mikono miwili. Unajua kazi yangu ya Kitale. Lile ghala la mahindi nililinda mpaka tajiri akafa na watoto wake wakaliuza, na halikupotea gunia ila lile walilokula panya. Basi nikasema, kompyuta ni ghala, na mimi nimerudi kazini.

Niliiweka mezani chini ya rakuba, kile kibanda cha kivuli mbele ya nyumba, mahali kila anayepita anaiona. Chumbani haiingii. Kiden akiifungua mimi nakaa kando yake, upande wa sikio langu zima. Na kwa kuwa mambo mengi yaliyomo ni Kiingereza, na Kiingereza changu ni cha kufukuza wezi tu, niliweka sheria kwamba kila anachosoma asome kwa sauti, halafu anigeuzie kwa Kiswahili. Akon alicheka, akasema tumefungua redio.

Intaneti yenyewe hatuna nyumbani. Tunaifuata kwa mama mmoja Mganda, jina lake Kisakye, mwenye duka la kupiga chapa na fotokopi hapo kwenye stendi ya boda boda. Sahani kubwa ya kuinasa iko juu ya bati lake. Tunabeba kompyuta kwenye mkoba wa shule, mimi mbele, Kiden nyuma, tunakaa kwenye benchi lake. Kisakye ndiye aliyeitia ile dawa ya virusi vya kompyuta. Mimi nilitaka baada ya hapo tuifungie nyumbani isiguse intaneti tena, iwe salama kabisa. Akakataa.

"Jajja," akaniambia, kwao Uganda ndiyo babu, "hii dawa nayo inakula. Usipoileta hapa kila wiki ipate chakula mpya, italala, virusi itapita juu yake."

Nikamuuliza vitapitia wapi kama mlango tumefunga. Akaniambia kwa flashi, kile kidude cha kuchomeka ambacho hapa Juba kila mtu anacho mfukoni. Kinatoka kompyuta hii kinaingia ile, kina uchafu wa mji mzima. Basi hilo nililishika. Bwana Nyang anayeongoza kwaya alikuja nyumbani kutaka Kiden amwekee nyimbo. Nikamwambia atoe vyote vilivyo mfukoni kabla hajakaribia meza. Akatoa leso, funguo, na flashi mbili. Nilizishika mkononi mpaka alipomaliza chai yake akaondoka. Jumapili ile kwaya nzima iliimba bila kuniangalia, na mimi sikupungukiwa kitu.

Sasa tufike penye shida yenyewe.

Kuna ule mtandao ambao watu wanajiandikisha, wanaweka picha, wanatafutana. Wasichana wa darasa la Kiden wote wamo. Naye akaniomba, na mimi nikaona si vibaya, maana mtoto hawezi kukaa peke yake kama mtawa. Tukaenda kwa Kisakye. Yule mama alikuwa nje anatia mafuta kwenye jenereta. Mtandao ukamuuliza Kiden yeye ni nani.

Wewe ulizaliwa Kitale, kwa hiyo nikueleze. Kwetu mtoto akifika kwa watu hasimami tu akitoa macho. Anajitaja. Jina lake, la baba, la babu, la baba wa babu, ukoo, na mahali wanapokaa. Watu wakishajua wewe ni wa nani, hata kama hawana chakula watakupa maji. Katika vita hivi watoto wangapi walirudi kwa watu wao kwa sababu tu walijua kujitaja? Kiden nilimfundisha kabla hajang'oa meno ya utoto. Ukimwamsha usingizini anataja mpaka babu wa babu.

Kwa hiyo mtandao ulipouliza, nikaona hapa adabu ya nyumba yangu itajulikana na dunia nzima. Nilimtajia moja moja akaandika. Yeye ni Kiden, mtoto wa Pitia, mtoto wa Arkangelo Laku, na waliotutangulia wote, na ukoo. Tunakaa Munuki, nyuma ya kanisa, lango la bluu. Anasoma darasa la saba, shule fulani, anatoka saa fulani. Baba yake yuko Wau. Tukaweka na picha yake na sare. Ukurasa ulijaa vizuri sana, Jude. Wenzake wameandika jina moja na kuchora moyo. Niliwaonea huruma.

Mwisho nikamwambia amwongeze na Yangi.

Yangi ni mjomba wako pia, mkubwa wangu mimi na mama yako. Poni hamtaji mara nyingi kwa sababu akimtaja anashindwa kumaliza kupika. Mwaka wa sitini na tano, Juba ilipoharibika, tulikimbia kila mtu na njia yake. Mimi na Poni tulishika njia ya Kajo-Keji mpaka Uganda. Yangi akashika njia ya Yei, akasema anavuka Congo, tutaonana mambo yakitulia. Mambo yametulia mara mbili sasa, na hatujaonana. Basi nikafikiri, kama dunia yote inasoma ukurasa huu, labda na Congo wanasoma. Kiden akaandika kwamba babu yake ana ndugu aitwaye Yangi aliyepotelea Congo.

Haukupita mwezi, ujumbe ukaja.

Kiden akasoma kwa sauti. Mtu anamsalimia dada yake Kiden, mtoto wa Pitia, mtoto wa Laku. Alijitaja vizuri, Jude. Alitaja baba wa babu, alitaja ukoo, hakuruka hata mmoja. Akasema yeye ni Constantine, mtoto wa Yangi, amezaliwa Congo, amekuja Juba kwa biashara, na ameona damu yake kwenye mtandao mpaka machozi yakamtoka.

Machozi yalinitoka mimi. Kisakye alizima mashine ya fotokopi ili tusikie vizuri. Nilimwambia Kiden asome tena, na tena. Njiani kurudi nilipita sokoni nikanunua mbuzi, beberu mweusi mwenye afya, nikamfunga nyuma ya nyumba amngojee mgeni. Nikamwambia Kiden akuandikie wewe, nawe ukamwambia mama yako, na nasikia Poni aliimba jikoni kwa lugha ya kwetu mpaka Janepher akaacha kazi yake kumsikiliza.

Akon peke yake ndiye aliyekunja uso. Amekulia Kakuma, kambini, mtu hamwamini mpaka aone kadi yake. Akaniuliza, kama huyu mtu yuko Juba na Munuki anaijua, mbona hajabisha hodi? Nikamjibu kwamba watu wa Congo wana haya. Mpaka leo sijui neno hilo nililitoa wapi.

Ujumbe ukaendelea kuja. Mimi nilituma salamu, nilituma maswali ya Yangi, aliishi wapi, alioa nani, yuko hai? Huyo Constantine hakunijibu sawasawa. Alisema Yangi alifariki, poleni, kisha anarudi kwa Kiden. Kiden unapenda nini. Kiden picha yako nzuri, una nyingine? Nilimwambia Kiden asitume picha, si kwa kushuku, nilitaka apigwe mpya akiwa na nywele zilizosukwa.

Halafu siku moja alipotoka shule tukaenda kama kawaida. Akasoma. Constantine ana zawadi yake, simu mpya kwenye boksi. Ijumaa atakuwa mkahawa fulani mtaa wa Hai Cinema. Kiden akitoka shule apande boda boda, ashuke pale, nauli italipwa. Hapo mtoto akaacha kusoma. Nikamwambia endelea. Akaangalia vidole vyake.

"Babu," akasema, "hapa anasema nije peke yangu. Na nisikuambie."

Jude, langoni nimesimama miaka mingi. Mtu aliyetaka mahindi ya watu hakuja kwangu na kirungu. Alimtafuta mfanyakazi mdogo, akamnunulia soda, akamwambia mzee wa lango asijue. Neno lile nililitambua kabla Kiden hajafunga mdomo. Nililitambua, na bado moyo wangu ukaniambia labda anataka tu kunishangaza. Ndivyo nilivyomtamani huyo mtoto wa Yangi.

Habari Juba haitembei, inaruka. Sijui nani alimwambia Akon, akaja dukani na unga bado mikononi. Ndipo akakupigia simu wewe pale pale, mbele yangu, na ile nusu yake ndiyo uliyoisikia. Akamaliza kuongea nawe akanigeukia.

"Baba, umesikia Jude. Hiyo kitu inarudi Kenya. Isiporudi naitupa kwa mto."

Kiden aliikumbatia kompyuta kifuani akalia bila sauti. Nilidhani analilia simu, au huyo Constantine. Nikamuuliza. Akasema, "Si nimekusomea, Babu? Ningenyamaza ingebaki."

Neno hilo, mpwa wangu, ndilo linalonifanya nikuandikie, na nitalirudia kabla sijafika mwisho wa karatasi.

Kisakye naye akachukua ile kompyuta kutoka kwa mtoto, taratibu, akaufungua ukurasa wetu akanionyesha kwa kidole. "Jajja, huyu mtu hajasema kitu ambacho hamkuandika ninyi. Tazama. Babu ya babu iko hapa. Ukoo iko hapa. Yangi iko, Congo iko, saa ya kutoka shule iko. Hata mimi leo naweza kuwa mtoto ya Yangi."

Nikatazama. Ilikuwa kweli, vyote nilivyoviona kuwa damu ya Yangi vilikuwa maneno yangu mwenyewe yamenirudia. Akon akaanza tena, nikamwinulia mkono, akanyamaza, na hilo lenyewe halijatokea tangu aolewe. Nikatafuta kichwani kitu ambacho hakiko kwenye ukurasa ule, wala kwenye karatasi ya serikali, wala kitabu cha kanisa. Haikunichukua muda. Nikamwambia Kiden aandike hivi: babu anauliza, Yangi nyumbani alimwitaje mdogo wake?

Jibu lilikuja haraka, huyo mtu ana vidole vyepesi. Kiden akasoma kwa sauti kama sheria inavyosema.

"Baba alimwita Arkangelo. Mpaka siku anakufa alisema, mtafuteni ndugu yangu Arkangelo."

Nikacheka. Kisakye alidhani nimefurahi, akaanza kupiga makofi, Akon akamshika mkono.

Arkangelo nilipewa na padri, Uganda, mwaka wa sitini na saba, kichwa changu kikiwa juu ya beseni la maji. Yangi alikuwa ameshavuka Congo miaka miwili nyuma. Jina hilo hakulisikia hata siku moja. Alinijua kwa Laku, na Laku hakulitumia ila akikasirika. Siku zote aliniita jina lingine la nyumbani, alilonipa yeye mwenyewe tukiwa watoto, na si jina zuri sana. Mtoto wa Yangi hawezi kumjua Arkangelo kutoka kwa baba yake. Amemjua kwenye ukurasa.

Halafu nikamwambia Kiden aandike neno la mwisho: Ijumaa Arkangelo atakuja mwenyewe. Lakini Kisakye akasema ngoja kwanza. Akayatoa mazungumzo yote kwenye karatasi, kisha ndipo tukatuma, kisha akamfundisha Kiden namna ya kumfungia mlango mtu wa namna hiyo asiweze kuandika tena. Karatasi nilizipeleka kituo cha polisi mimi mwenyewe. Askari wa mezani alitaka kunirudisha, akasema hakuna aliyeumia. Nikamwambia nangoja hapa hapa mpaka aumie mtu. Nikakaa kwenye kiti chake alipoinuka. Mwisho akanipa mwenzake asiyevaa sare, na Ijumaa tukaenda wote wawili Hai Cinema. Kiden alikuwa shuleni, na Akon amesimama getini pa shule tangu asubuhi.

Constantine hakutokea. Tulikaa mpaka viti vikaanza kupandishwa mezani. Nilikula maharage sahani mbili, niliwaangalia vijana wote walioingia, na wawili wao hawakumaliza chai. Jumatatu Kisakye akatafuta ukurasa wa huyo mtu, haupo tena. Askari amezihifadhi karatasi, na kila nikipita napiga hodi kumkumbusha. Amenizoea.

Mbuzi tulimchinja hivyo hivyo, Jumapili. Akon akauliza tunasherehekea nini sasa. Nikamwambia tunasherehekea Kiden amesoma kwa sauti. Kisakye alipata mguu mzima, na Bwana Nyang nilimwita naye, akaacha flashi zake kwao.

Sasa Jude, turudi kwenye kompyuta.

Wewe unasema irudi ili mtoto awe salama. Fikiri kidogo. Mtu yule alimwambia asiseme, naye akasema. Msichana wa miaka kumi na tatu, ameahidiwa simu mpya, akamgeukia mzee asiyejua Kiingereza akamwambia. Ningekuwa na mfanyakazi wa namna hiyo Kitale, ningelala usingizi. Halafu sisi tumlipe kwa kumnyang'anya? Kesho atapata kompyuta nyingine mahali pengine, ya shule, ya rafiki, na neno kama lile likija atalisoma kimya. Akon nimemweleza hivi hivi siku tatu mfululizo, na siku ya tatu alikaa na Kiden chini ya rakuba, akamwomba amwonyeshe inavyowashwa. Hajasema nimeshinda. Lakini hasemi mto tena.

Ule ukurasa tumeusafisha. Lango la bluu limetoka, shule imetoka, Wau imetoka, ukoo umetoka, picha ya sare imetoka. Kiden ameweka picha ya yule mbuzi, kabla hajachinjwa. Nilimuuliza, na kujitaja je, umeacha? Akasema hapana, Babu, akija mtu nyumbani nitajitaja mpaka atachoka. Basi, hivyo ndivyo mimi pia ninavyoona. Sijasema kwamba kwetu tulikosea, na mtu asije akaniwekea neno hilo mdomoni. Kwetu ukijitaja mwenzako naye anajitaja, na uso wake unauona. Huko intaneti unajitaja peke yako, mwenzako yuko nyuma ya ua. Kilichokosa adabu ni intaneti.

Wanaoongea naye sasa ni wale anaokaa nao darasani, na wewe, na Janepher. Mgeni yeyote anapitia kwangu kwanza. Neno lake la siri, lile la kufungulia, ameniambia mimi na mama yake tu, na mimi nimeshalisahau, kwa hiyo liko salama. Dawa ya virusi inakula kila Jumamosi. Tena kompyuta imeanza kazi: Kiden amewapigia chapa akina mama wa kanisa barua yao ya kuomba kisima, ukurasa mzima bila kosa, na mwalimu wake wa Kiingereza amesema ameshika namba mbili. Namba moja ni mtoto wa mwalimu.

Limebaki moja, na hili ni zito kidogo. Mama yako.

Nimesikia bado anaulizia Constantine atakuja lini Kitale. Usimwambie kwa simu, na usimtume Janepher. Mngoje amalize kula, ukae karibu naye, umshike mkono, umweleze pole pole kwamba yule hakuwa wetu. Atainuka aoshe vyombo. Mwache aoshe. Kisha mwambie maneno haya yametoka kwangu: aliyesema Yangi amekufa ni mwongo yule yule. Kwa hiyo habari ya kifo hatujaipata. Tuko pale pale tulipokuwa, njia ya Yei, tukingoja mambo yatulie. Mimi mbuzi najua anapopatikana.

Mwambie tena kwamba lile jina la nyumbani sikuliandika mahali. Hata hapa siliweki, ingawa barua hii inabebwa na mtu ambaye baba yake namjua. Naye asilitaje mbele za watu, wala wewe usimbembeleze akuambie. Akitokea mtu siku moja hapo Kitale au hapa Munuki akasema ametoka kwa Yangi, hatutamuuliza ukoo. Tutamuuliza hilo.

Mpe salamu Janepher na watoto, kila mmoja kwa jina lake. Wasalimie majirani wa upande wa ghala, kama yuko hata mmoja anayekumbuka mlinzi aliyekuwa halali usingizi. Akon anakusalimu, anasema simu yake ile ilikuwa ya hasira, usiishike. Kiden anakusalimu mara mbili, moja ya kawaida na moja ya kompyuta.

Mungu wa safari zetu zote aiangalie nyumba yako, awape mvua inayotosha na usingizi usio na hofu, na wale walio mbali awajulishe njia.

Ni mimi mjomba wako, ninayekupenda na nisiyebadilisha neno langu,

Arkangelo Laku.

Ukiona nimejisifu mahali, mashahidi wapo. Muulize Kisakye wa duka la fotokopi, alikuwapo mwanzo mpaka mwisho, isipokuwa alipokwenda kwenye jenereta. Muulize Akon, ijapokuwa itamuuma kunikubalia. Muulize askari wa kituo, kiti chake anakijua. Muulize Kiden, atakusomea kwa sauti. Na kuhusu jina, muulize mama yako kama lipo, akuitikie kwa kichwa tu. Tunaolijua tumebaki wawili. Labda watatu.